Vijitabu vya Theluji

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 binti yangu mkubwa alinipigia simu kutoka München, nchini Ujerumani, anakofanya kazi ya uuguzi na alikoolewa. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, akasema: "Baba, Krismasi ya mwaka huu nataka tukae wote pamoja. Watoto wanataka kwenda kwenye skii. Nitakuletea vijitabu, wewe uchague mahali. Sisi tutalipa."

Siku ya tatu vijitabu vikafika katika simu ya mwanangu wa mwisho, naye akaenda kuvichapa pale steshenari ya jirani. Vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilihusu kijiji kimoja cha milimani huko Austria. Cha pili kilihusu jumba la theluji la Dubai, nacho kilipendekezwa na mtoto wa shemeji yangu anayeishi Maskati. Cha tatu kilikuwa cha hapa hapa kwetu, milima ya Usambara. Nadhani binti yangu alikitia kwa heshima tu, asije akaonekana ameisahau Tanga.

Msomaji ambaye hajapata kuiona skii ataniwia radhi nikimweleza kwa ufupi. Skii ni vipande viwili virefu na vyembamba, zamani vya mbao, siku hizi vya mchanganyiko wa mbao, plastiki na chuma. Mtu huvifunga chini ya viatu vigumu, akateleza juu ya theluji kutoka mlimani hadi bondeni. Kupanda hapandi kwa miguu. Hupandishwa na viti vinavyoning'inia kwenye waya. Njia za kuteremkia zimepewa rangi kama madaraja ya mtihani: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mabingwa, na Wafaransa wana kijani kwa wanaoanza kabisa. Kwa watu wa nchi za Alps hilo ni jambo la familia, kama sisi wa Tanga tunavyokwenda Raskazone kuoga baharini siku ya sikukuu.

Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika miaka hiyo kumi na minane nilikuwa Mwalimu Mkuu. Kazi niliyoifanya kuliko zote ni kusahihisha insha. Watu hudhani kuwa uhakiki ni wa mashairi na riwaya peke yake. Kwa maoni yangu, maandishi yanayohitaji kuhakikiwa kuliko yote ni yale yanayotaka fedha zako. Mshairi akikudanganya umepoteza jioni moja. Mwenye hoteli akikudanganya umepoteza akiba ya mwaka na sikukuu ambayo hairudi. Basi nikachukua kalamu nyekundu, nikaketi barazani, nikavisahihisha vile vijitabu kama insha za darasa la saba.

Nianze na cha Austria. Sina budi kukiri kwamba kimeandikwa vizuri. Sentensi zake ni fupi, hazina madoido. Kimeeleza wazi kuwa kuna shule ya kufundisha watoto kuteleza, umri wa kuanza, na saa za masomo. Kimetaja urefu wa njia za bluu, nyekundu na nyeusi, kila moja peke yake. Mwandishi anayetenganisha hesabu zake namna hiyo anastahili alama.

Lakini nilipokisoma mara ya pili nikaanza kuona mahali anapokwepa. Kwanza ni suala la mwinuko. Kwenye ukurasa wa mbele imeandikwa namba kubwa, zaidi ya mita 2,000. Ukitazama vizuri, hapo ni mahali waya wa mwisho unapofikia. Kijiji chenyewe, mtu atakapolala na mtoto atakapojifunzia, kiko chini sana, na namba yake imeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani. Jambo hili si dogo. Katika Alps, mahali pakiwa chini, theluji ya Krismasi ni bahati nasibu. Ndiyo maana wamiliki huwa na mitambo ya kurusha maji yakaganda hewani, nayo mitambo hiyo huhitaji baridi ya kutosha. Anayetaka uhakika wa theluji mwezi Desemba hutafuta kijiji cha juu, kama Val Thorens ya Ufaransa iliyo kwenye mita 2,300 hivi. Kitzbühel, ambao ni mji wenye sifa kubwa katika mchezo huo, uko mita 760 hivi tu. Kijitabu chetu kilijua hayo yote, kikaweka mbele namba ya kilele na kuificha ya kitanda.

Pili ni neno "kuanzia". Bei ilikuwa "kuanzia" kiasi fulani. Neno hilo halina uongo ndani yake, na ndiyo hatari yake. Bei hiyo ipo, ila si ya wiki ya Krismasi wala ya Mwaka Mpya, ambazo ni miongoni mwa wiki za ghali kuliko zote za msimu. Tena bei hiyo ni ya kitanda. Kukodi skii na viatu ni mbali, tiketi ya kupandia viti ni mbali, mwalimu ni mbali, na nguo za baridi kwa mtu atokaye Tanga, ambaye kabatini ana sweta moja la Lushoto, ni mbali kabisa.

Tatu, na hapa ndipo kalamu yangu ilipozunguka mara mbili, ni neno "familia". Neno hilo lilitajwa karibu katika kila ukurasa. Chumba cha familia, tiketi ya familia, chakula cha familia. Nikatafuta maana yake kwa njia ya hesabu: familia ya kijitabu ni watu wazima wawili na watoto wawili. Picha zote zinaonyesha hao hao wanne, wenye meno meupe. Sisi tulikuwa wanane: binti yangu na mume wake na watoto wao wawili, mimi na mke wangu, mwanangu wa mwisho, na mjukuu wetu wa miaka kumi na mitatu tunayemlea tangu alipofiwa na mama yake. Kwa hesabu ya kijitabu, nusu ya familia yetu si familia.

Nne ni yale yaliyonyamaziwa. Hakuna neno juu ya viza. Mtanzania anayekwenda Austria lazima aombe viza ya Schengen, na pamoja na mambo mengine aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hakuna neno kuwa katika siku zile za Desemba jua la huko huzama kiasi cha saa 10:20 jioni, na mchana mzima ni saa nane na ushei. Silalamiki kwamba kijitabu hakikutaja viza. Mwandishi wake hakuwa na habari nami. Ila msomaji ajue anaposoma barua ambayo haikuandikwa kwake. Asijibu kama aliyeitwa.

Pamoja na kasoro hizo zote, nikakipa alama 78.

Kijitabu cha Dubai nilikishika kwa dharau, nikakiweka chini kwa heshima. Jumba lile, Ski Dubai, lilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka. Lina eneo la mita za mraba 22,500, njia yake ndefu kuliko zote ni mita 400, na ubaridi wake hushikiliwa nyuzi moja au mbili chini ya sifuri hata nje kukiwa na joto la nyuzi 40. Nilitegemea majigambo, nikakuta vipimo. Mwandishi hakuficha kuwa kitu chenyewe kimetengenezwa. Watu wa Tanga tunaijua Dubai; ndiko wafanyabiashara wetu wanakofuata vitambaa, simu na vipuri, na jamaa zetu walioko Oman hufika kwa gari. Viza yake haina mlolongo mrefu. Kwa ukweli wa maandishi, kijitabu hicho kilikishinda cha Austria. Lakini mita 400 mtoto anayejua kuteleza huzimaliza chini ya dakika moja, na wajukuu wangu tayari wanajua. Kisha nikajiuliza, baada ya saa mbili za theluji tutafanya nini siku tano ndani ya maduka? Nikakipa 60.

Cha Usambara ndicho kilichoniudhi, maana mwalimu humkasirikia zaidi mtoto wake mwenyewe. Mstari wa kwanza tu umeifananisha Lushoto na Uswisi. Msamiati huo ni wa zamani. Wajerumani walipouita mji ule Wilhelmstal walikuwa wanatafuta mahali pa kukimbilia joto na malaria ya pwani, mahali patakapowakumbusha kwao. Walikuwa na haki ya kukumbuka kwao. Sisi tunakumbuka kwa nani? Anayeisifu Lushoto kwa jina la Uswisi anamwambia mgeni kuwa kitu halisi kiko kwingine, na kwamba hapa atauziwa nakala kwa bei nafuu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijitabu kile kilikitembeza kitu chema mpaka kikaanza kuonekana kibaya.

Na yale ya maana hakikuyasema. Hakikusema kuwa kutoka Mombo gari hupanda kiasi cha kilomita 33 kwa kona, na mwenye kichefuchefu akae mbele. Hakikusema kuwa Desemba ni mwisho wa vuli, hivyo ukungu na manyunyu yanaweza kufunika mandhari ya Irente siku nzima. Hakikusema kuwa mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, yaani maradufu ya Garmisch-Partenkirchen, mji mashuhuri wa skii karibu na anakokaa binti yangu, ambao uko mita 700 na kidogo. Hesabu hiyo moja ingemfanya mgeni kutoka Bavaria ainue kichwa. Nikakipa 45, nikaandika pembeni: "Jitambue."

Basi Austria 78, Dubai 60, Lushoto 45. Matokeo yako wazi. Nikavikunja vijitabu, nikajiandaa kumpigia binti yangu simu. Lakini kuna jambo halikunikalia sawa, na mtahini mzoefu hulijua. Nilikuwa nimemwona mtahiniwa wa kwanza akikwepa mara nne, na bado nimempa alama za juu. Kwa nini?

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu kwa miaka hamsini. Mwaka 1972 nilitoka Chuo cha Ualimu Korogwe nikapangiwa shule moja ya wilaya ya Handeni. Nilikuwa nafundisha jiografia darasa la tano, somo la Mlima Kilimanjaro. Nikaeleza kuwa kileleni kuna theluji. Mvulana mmoja wa nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, wewe umeishika?" Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimevaa tai. Nikajibu, "Nimeishika." Akauliza tena, "Ikoje?" Nikasema, "Ni kama pamba ya baridi." Darasa zima likaandika daftarini: theluji ni kama pamba ya baridi. Sikuwa nimeishika. Sikuwa hata nimefika Moshi.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake hakuwa na jina la weupe ule. Alisema tu kuwa ni baridi. Neno theluji tulilipokea kutoka kwa Waarabu, watu ambao nao hawana nyingi. Huko London mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, alikataa katakata kuwa kuna theluji karibu na ikweta, akabishana miaka mingi. Kila nikiikumbuka habari hiyo huona haya. Kiongozi yule alisema alichokijua, wala hakuongeza. Cooley na mimi tulisema tusichokijua, yeye kwa kukana na mimi kwa kukiri.

Basi tangu 1972 nilikuwa nadaiwa, na kijitabu cha Austria kilikuwa kinanionyesha njia ya kulipa deni kabla sijafa, tena kwa fedha ya mwanangu. Ndiyo siri ya zile alama 78. Nilimpendelea mtahiniwa kwa sababu ananifaa mimi.

Mtu anaweza kuuliza, je, si ningekwenda Kilimanjaro? Ni kweli mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika Kibo na kutumia skii juu yake. Lakini tangu mwaka huo huo wa 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule imekwisha, na iliyobaki iko karibu na mita 5,895, mwendo wa siku tano au sita kwenda na kurudi. Huko si mahali pa kumpeleka mzee wa miaka sabini na miwili, sembuse mke wake.

Nilipomtaja mke ndipo nilipokumbuka kuwa sikuwa nimemwuliza. Jioni ile alikuwa anafunga barafu za ubuyu, ambazo huziuza kwa watoto wa mtaani. Nikamsomea vijitabu vyote vitatu, nikitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga mifuko. Kisha akasema: "Mwalimu, hebu nisomee tena hapo panaposema mimi nitakuwa nafanya nini."

Nikarudia kurasa zote. Hapakuwa na mahali hapo.

Mke wangu ana presha, na goti lake la kushoto halikunji vizuri tangu 2016. Kwenye theluji asingeweza kutembea hatua ishirini. Huko Austria angekaa dirishani siku saba, akitutazama tukipita. Dubai angekaa kwenye kiti cha mgahawa, amejifunika kanga juu ya koti. Na pale niliposema Lushoto akauliza, "Si tutapita Soni?" Soni ndiko aliko mama yake mdogo, aliyebaki peke yake katika kizazi chake, na ambaye binti yetu hakuwa amemwona tangu mwaka 2011. Kijitabu cha Usambara hakikuwa na habari za bibi huyo, wala hakikuweza kuwa nazo.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya Mkenya mmoja, Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji, akafunzwa kuteleza, akaenda Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana kilomita 10 kwa skii katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa wa mwisho, wa 92. Aliyeshinda, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika ishirini kabla. Hakuondoka. Alimngoja mstarini mpaka Boit alipofika akamkumbatia, na sherehe ya medali ikacheleweshwa. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Dunia imewasahau wengi waliopata medali mwaka ule, lakini kungoja kule kunakumbukwa. Nikajiambia: bingwa wa dunia alimngoja mgeni asiyemjua, nami siwezi kumngoja mke wangu?

Nikavisahihisha upya. Safari hii sikuuliza mahali gani pazuri. Niliuliza: aliye dhaifu kuliko wote kati yetu atakuwa na nini cha kufanya siku ya tatu, saa nne ya asubuhi? Austria ikashuka mpaka 40. Dubai ikapata 45. Lushoto ikapanda hadi 70. Kijitabu chake kilibaki kibaya vile vile. Mahali penyewe ndipo palipoyajibu maswali ambayo kijitabu hakikuyajua.

Nisijifanye kwamba uamuzi ule haukuwa na gharama. Nilipompigia binti yangu alinyamaza muda mrefu, akasema, "Baba, watoto watalia." Walilia kweli. Mkwe wangu, mtu mpole, alikuwa amewaahidi. Tukapatana kwamba wao wanne wataenda kuteleza mwezi Februari, karibu na kwao, bila sisi. Na mimi nilikuwa na huzuni yangu, ambayo sikumweleza mtu.

Walifika Tanga tarehe 20 Desemba. Tarehe 22 tukakodi gari, tukapita Muheza, Korogwe, Mombo, tukapanda. Mjukuu wangu wa miaka tisa hakusema na mtu mpaka Soni. Pale tulishuka. Bibi yule, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, alimshika binti yangu mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, asiuachie kwa muda wa saa nzima. Mke wangu alikaa kando yao, mguu wake umenyoshwa juu ya kigoda. Wakati huo sikuona dalili yoyote ya goti.

Lushoto tulikaa siku tano. Siku mbili kulikuwa na ukungu, na Irente hatukuona kitu. Asubuhi ya pili mjukuu alitoka amejifunika blanketi, amenuna, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Babu, baridi ipo, theluji hakuna." Nikamwambia mji huu una mwinuko mara mbili ya Garmisch. Akakataa. Akachukua simu ya baba yake akahakikisha. Akaniuliza, "Sasa kwa nini?" Tukachukua chungwa na tochi, nikamwonyesha jua linavyopiga ikweta na linavyopiga Ulaya mwezi wa Desemba. Yule mwenzake wa miaka kumi na mitatu akaja, kisha mpishi wa nyumba akaja. Nilikuwa sijafundisha somo tangu nistaafu.

Mwanzoni mwa Januari 2023 joto la ajabu lilipita Ulaya, na vituo vingi vya chini katika Alps vikafunga njia zake kwa kukosa theluji. Picha zilionyesha milima ya kijani. Sikufurahia habari hiyo. Sikuchagua Lushoto kwa sababu nilijua. Na kama theluji ingekuwa tele, uamuzi wangu ungekuwa ule ule.

Yule bibi wa Soni alifariki kabla ya Pasaka.

Nimalizie na deni langu. Tuliporudi Tanga, kukiwa na joto la kaskazi ambalo wasomaji wa pwani wanalijua, mjukuu alikwenda kuchukua barafu ya ubuyu kwenye friza ya bibi yake. Friza ile haijayeyushwa muda mrefu. Kuta zake zina ukoko mweupe. Akaukwangua kwa kijiko, akaniletea kiganjani: "Babu, shika." Nikashika. Ilichoma kidogo, kisha ikawa maji. Basi nikamsimulia habari ya mvulana wa Handeni, na nilichomjibu.

Akanitazama. "Kwa hiyo ulidanganya?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilidanganya."

Akafikiri. "Hii imefanana na theluji," akasema, "lakini si yenyewe. Yenyewe ni laini, na ukiikanyaga inalia." Nikamshukuru. Nimesahihisha daftari moja kwa kuchelewa miaka hamsini, na mwalimu wangu alikuwa wa darasa la tatu.

Kwa hiyo, msomaji, kama na wewe utaletewa kijitabu kabla ya sikukuu, kiwe cha theluji, cha mbuga au cha bahari, usikitupe wala usikiamini. Kisome kwa kalamu mkononi. Tazama namba iliyoandikwa ndogo. Tazama neno "kuanzia". Hesabu watu waliomo katika neno "familia", kisha hesabu walio nyumbani kwako. Halafu mpe kijitabu aliye dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba, umwambie akuonyeshe mahali alipoandikwa. Asipojiona, mwulize angependa kwenda wapi, nawe uwe tayari kuipokea bei yake.